Waya wa Hita

Mhudumu wa mochwari alisema dawa aliyochomwa baba ingemtunza vizuri mradi kuna ubaridi. Lakini tukiteremka bondeni Galula, kwenye joto la Oktoba, tusiitegemee sana.

"Gari lenu lina AC?" aliuliza.

Baba mdogo Sadoki alisema linayo.

"Basi iwasheni kuanzia hapa Tunduma."

Tuliiwasha. Tulipopita Vwawa ilikuwa bado inapuliza hewa ya moto. Nilikaa mbele na baba mdogo. Jeneza lilikuwa nyuma yetu, mahali pa viti tulivyovikunja, ndani ya Land Cruiser kuukuu ambayo baba mwenyewe aliinunua mnadani. Nilisoma vibao vya barabarani, kimoja baada ya kingine. Sikuhisi kitu. Nilikuwa nasubiri kuhisi, kama mtu aliyekaa kwenye benchi la ofisi akisubiri jina lake liitwe.

Bibi alipiga simu.

"Erica, msije mkaniletea sanduku lililopigwa misumari. Namfunika uso mwenyewe."

Bibi alishazika watoto wawili kabla ya baba, na wote aliwafunika uso kwa mkono wake.

Baba mdogo alikuwa amesikia. "Mchungaji ameshasema," aliniambia taratibu. "Mwili ukibadilika njiani, hatufungui. Tutamwelewesha mama."

"Tusimame Mlowo tutafute fundi."

"Fundi wa AC, Mlowo? Huku nani anayo?"

Alisimama hata hivyo. Fundi tuliyempata aliitwa Ezron, mwanaume mnene mwenye kofia ya sufu kichwani. Alianza kucheka kabla hatujamaliza kueleza.

"AC! Dada yangu, hapa watu wananiletea vioo visivyopanda, baridi inawaua. Nyie mnaenda wapi, jangwani?"

Kisha akachungulia dirisha la nyuma. Akavua kofia.

"Poleni. Poleni sana, mzee. Ni nani?"

"Baba yangu," nikasema. Sauti ilitoka vizuri, kana kwamba nilikuwa najaza fomu.

Ezron aliinua boneti, akaangalia kidogo tu. "Gesi imeisha. Haya magari ya zamani ugonjwa wao ndio huo. Na gesi mimi sina, mpaka Mbeya mjini."

Baba mdogo alitazama saa. "Twende hivyo hivyo. Watu wanasubiri."

Nimesomea ualimu wa fizikia. Ni mwaka wa pili huu nasubiri ajira, na bado naamini kwamba kitu ukikichunguza kwa subira kitakuonyesha kinapouma. Nilimwomba Ezron aache injini ikiunguruma na AC ikiwa imewashwa. Kompresa, pampu inayosukuma gesi, ilikuwa inashika; ilisikika ikigonga na kuanza kuzunguka. Niligusa bomba nene la AC pale linapotoka ndani ya gari. Lilikuwa baridi, linatoka jasho.

"Gusa hapa, kaka."

Aligusa. "Ee! Kumbe gesi ipo."

"Basi ubaridi unatengenezwa. Halafu kuna kitu kinaupasha moto kabla haujatufikia."

Ezron alinitazama, akaitazama injini. "Hita," akasema.

Aliingia ndani akavuta kishikio cha hita. Kilikwenda huku na huku bila kukamata kitu. Kebo yake ilikuwa imekatika. Akarudi kwenye injini, akaufuata mpira unaopeleka maji ya moto ndani ya gari mpaka kwenye koki ndogo. Koki ilikuwa wazi kabisa, imekazwa isijifunge kwa waya wa kufungia nondo, mizunguko mitano.

"Sasa huu ushamba kafanya nani?"

Nilimjua aliyefanya. Miaka mitatu nyuma, mwezi wa sita, nilikuwa nimetoka kuumwa kifua na nilitakiwa kurudi chuoni kwenye mitihani. Baba hakutaka nipande gari jingine. Alinipeleka mwenyewe hadi Mbeya kwenye basi la Dodoma. Kabla ya kufika Mlowo hita ilikataa. Alisimama kando ya barabara na koleo yake, kungali alfajiri, akarudi ndani mikono ikinuka dizeli. Kila tulipomaliza kilima aliniuliza, "Miguu imepata joto?" Tangu siku hiyo hakuna aliyeikumbuka koki. Tunduma hatuwashi AC.

"Nikate?" Ezron aliuliza.

"Usikate. Nitafungua mimi."

Waya ulikuwa na kutu, nao ulikuwa wa moto. Niliufungua mzunguko mmoja mmoja. Nilifikiri machozi yangekuja kwenye mzunguko wa mwisho. Hayakuja. Ezron aliifunga koki, na kwa kuwa kebo haikuwepo, aliuchukua waya uleule akaikaza upande wa pili.

"Haya. Mtawahi," akasema, akabaki ameshika kofia yake mpaka tukaondoka.

Tulipokunja kushoto Mbalizi na kuanza kuteremka, ndani ya gari palikuwa pa baridi. Baba mdogo alivaa koti.

"Tupunguze kidogo?"

"Iache tu, baba mdogo."

Nje, watu wa bodaboda walikuwa wamefunga vitambaa puani kwa vumbi na joto. Miguu yangu iliganda ndani ya viatu. Hakuna aliyeuliza kama imepata joto.

Galula walifungua jeneza. Mchungaji alitangulia kutazama, akaitika kwa kichwa, akasogea pembeni. Baba alikuwa baba. Bibi alimtazama kwa muda mrefu sana, akamsawazisha kola ya shati, ndipo akavuta shuka jeupe na kumfunika uso.

Kisha aligeuka akanishika mikono yote miwili.

"Mbona ya baridi hivi, mjukuu wangu?"

"Ni AC, bibi."

Hakuiachia. Aliibana katikati ya viganja vyake, akaanza kuisugua.