Pikipiki Mbili za Bushiri

Nisikilizeni vizuri, maana habari hii watu wa Uyole wanaisimulia vibaya. Wanasema baba mkwe wangu alinunua pikipiki ya vijana kwa majivuno ya uzeeni. Waongo. Mimi nilikuwepo, nyuma ya pazia, na niliyasikia yote kwa masikio yangu haya mawili.

Baba mkwe alikuwa fundi mwashi. Kutoka Mbeya mpaka Iringa, ukiona kanisa la mawe lenye kona zilizonyooka, uliza nani alilijenga. Lakini miaka thelathini ya kuinua mawe ilimwachia mgongo mbovu. Akiinama kufunga viatu, mama mkwe lazima amsaidie kuinuka. Kazi za karibu aliziendea kwa baiskeli, na za Iringa kwa lori, juu ya magunia. Basi mwaka 1956, alipomaliza kujenga shule moja kubwa kule Iringa, akasema sasa ananunua pikipiki. Ukoo mzima ukafurahi. Isipokuwa mimi.

Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hatusemeshani, hatupishani njiani. Akitokea huku, mimi napotelea kule. Wala si chuki, ni heshima, na heshima nilifundishwa na mama yangu nikafundishika, mtu asinisingizie. Tulikuwa tumebatizwa wote, ndiyo, lakini jambo hilo kwetu halikuisha kwa ubatizo.

Tatizo lilikuwa baiskeli. Baiskeli haina sauti. Mwezi wa tatu mwaka ule natoka mtoni, mtungi kichwani, Saulo wangu mgongoni, nafika kwenye kona ya mikaratusi, baba mkwe huyu hapa anateremka. Nikaruka. Sikutazama naruka wapi. Tukaporomoka mpaka chini, mtungi ukapasuka, na mkono wa Saulo ukavunjika. Na yeye, maskini, asingeweza kushuka kutugusa. Alisimama barabarani ametugeuzia mgongo, akaita watu mpaka sauti ikamkauka, mpaka wanawake wakatoka mashambani kuja kutuinua.

Tangu siku hiyo barabara sikuikanyaga. Nilipita kwenye mashamba ya watu, kwenye umande na upupu, kama mwizi wa viazi, tena na mimba tumboni. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, kutembea barabarani kama mke wa mtu. Sasa mzee ananunua pikipiki. Baiskeli nilishaujua mwendo wake. Pikipiki ina mbio, ingenikuta popote.

Pikipiki zenyewe zilikuwa mbili, mjini Mbeya, dukani kwa Bushiri. Bushiri alikuwa fundi wa pikipiki, watu wake wa pwani, maneno hayamwishi. Alizinunua zote kwa Mzungu mmoja mwenye shamba aliyekuwa anarudi kwao. Siku ya kwenda kuzitazama ndiyo siku Saulo alipofunguliwa plasta hospitalini, kwa hiyo mume wangu Yotamu aliniacha nipumzike kwa Mwanakhamisi, mke wa Bushiri, chumba cha nyuma ya duka. Alimweleza baba yake kwamba niko ndani. Mzee alipoingia dukani, Mwanakhamisi akashusha pazia.

"Sisi tunajifunika, ninyi mnakimbia," akaninong'oneza huku anacheka. "Afadhali sisi tunapata nafasi ya kunywa chai."

Nikasogea mpaka kwenye kabati na chai yangu. Huko nje Bushiri alikuwa ameshaanza.

"Mzee wangu, kizuri chajiuza. Itazame hii ya kijivu. Kiti kipana, springi mbili chini yake, ngao za kukinga miguu na tope, mifuko miwili ya ngozi ya kuwekea vifaa vyako. Utafika Iringa kama mtu aliyeamka kitandani."

"Na ile nyekundu?"

"Ile ya mbio, mzee. Kiti kama ubao, usukani uko chini, unaiendesha umeinama, na kelele zake zinaamsha mtaa mzima. Hiyo waachie vijana wanaotafuta wachumba."

Yotamu akacheka. "Baba, chukua ya kijivu. Fikiria mgongo wako."

Na mimi ningesema nini? Mtu mwenye mgongo ule nimwombee kiti cha ubao, ili mimi nitembee kwa raha? Hata Mungu angenishangaa. Lakini niseme kweli, niliitamani ile nyekundu mpaka nikaona haya. Nikampakata Saulo, nikajiambia basi, nitaendelea na upupu.

"Yotamu," baba mkwe akasema, "panda hii ya kijivu. Nenda mpaka sokoni, urudi."

Mwanakhamisi akachungulia. "Mkwe wako ana nini? Amegeukia ukuta, amefumba macho." Tukangoja. Mara nikasikia sauti ya Yotamu mlangoni, "Nimerudi, baba." Pikipiki yenyewe sikuisikia inakuja.

"Sasa panda nyekundu."

Hiyo niliisikia tangu inageuka sokoni. Vikombe vya Mwanakhamisi vilicheza kabatini, Saulo akaziba masikio. Ilipozimwa, Bushiri alikuwa anaomba radhi.

"Kelele hizo nitaziondoa, mzee. Nabadilisha bomba la moshi, bure kabisa."

"Usiliguse," baba mkwe akasema. "Nachukua hii."

Yotamu akamwambia kwa upole, "Baba, mgongo."

"Mgongo nimeuzoea. Siku ile sijaizoea." Aliongea taratibu, na kwa sauti ya kutosha kupita pazia. "Nimejenga makanisa saba, Bushiri. Siku ile mjukuu wangu analia chini ya barabara, nilishindwa kuinua mtoto mmoja. Kuna binti wa watu kwangu ananipa heshima yangu, na kwa ajili yangu anapita kwenye miiba. Na mimi nimpe yake. Anisikie nikiwa mbali."

Mwanakhamisi aliacha kucheka. Mimi nililia, sikujificha, na katika kulia kule nilijiona mkubwa kuliko malkia yeyote. Nani mwingine amepewa hivyo? Nitajieni jina lake.

Baada ya wiki mbili akaenda Iringa. Mafundi wenzake kule walimtania wakamwita kijana, akawaambia endeleeni. Aliporudi alishuka amepinda, mama mkwe akamkanda kwa mafuta ya moto siku tatu, huku anamgombeza. Hakuibadilisha.

Safari ya pili aliporudi, mimi nilikuwa barabarani. Katikati ya barabara, nawaambia, maji kichwani, Saulo nimemshika mkono. Nikaisikia ngurumo ile ng'ambo ya kilima. Sikukimbia. Nilishusha mtungi, nikafunga kitenge changu vizuri, nikatoka barabarani kwa hatua zangu mwenyewe, nikakaa kwenye nyasi na kuipa barabara mgongo. Mwanamke mmoja shambani akaniuliza nani huyo anatupigia kelele. Nikamwambia, "Mkwe wangu."

Ilipokaribia, ardhi ikatetemeka, na hapo ndipo nikagundua. Ndani ya kelele ile mzee hawezi kusikia kitu. Miaka minne nimeolewa, sijawahi kumtamkia neno. Nikafungua kinywa.

"Ndaga fijo, tata," nikasema kwa nguvu zangu zote. Asante sana, baba. Akapita, hakugeuka, vumbi likatufunika mimi na mwanangu.

Tangu hapo kila alipopita nilizungumza naye. Nilimpa pole ya mgongo. Nilimweleza mtoto wa pili amezaliwa, ni msichana, ana macho yake. Nilimwambia Saulo ameanza shule na mkono ule ule anaandikia. Miaka minane niliongea na baba mkwe wangu, na heshima haikuvunjika hata siku moja.