Jina la Aliyegongwa

Kila Alhamisi nilipanda ngazi za jumba lile la mtaa wa Caballito nikiwa nimeshakasirika tangu chini. Mkuu wangu alisema bila sahihi ya mwanasaikolojia, mimi Lencina sishiki treni. Miaka ishirini na miwili naendesha treni hapa Buenos Aires, leo niombe ruhusa kwa mwanamke anayemwagilia maua dirishani na kuniuliza najisikiaje. Najisikiaje! Mwezi wa tatu kijana alisimama relini mbele yangu, nikafunga breki, treni haikusimama. Basi. Wenzangu walinipa ile chai yetu ya majani iitwayo mate, tukapokezana mrija, hakuna aliyeniuliza kitu. Ndivyo tulivyo sisi madereva: jina la aliyegongwa hatuliulizi, maana ukishalijua unalala nalo. Jina la yule kijana lilikuwemo kwenye faili la huyo mwanasaikolojia, Daktari Mirta. Mara mbili alitaka kunitajia, mara mbili nikainuka niondoke.

Wiki tisa nilimdanganya kwamba nalala vizuri. Wiki ya kumi uzalendo ukanishinda.

“Aisifuye mvua imemnyea, Daktari. Wewe hata tone halijakugusa. Huruma yako ni ya kukodi.”

Akafunga daftari. “Kaka yangu alijitupa mbele ya treni, miaka kumi na minne sasa. Siku ya kwanza ulipoingia hapa nilikuchukia, Bwana Lencina. Nilitaka kukuuliza kitu kimoja tu: yule dereva alipiga honi, au alipita tu?”

Damu ilinichemka. Kumbe wiki zote hizo nimekaa kizimbani bila kujua! Nikamwambia hana haki, nitamshtaki kwa wakubwa zake. Hakubisha. Alisema itabidi anipeleke kwa mwenzake, nianze upya. Nianze upya mimi! Nikainuka, nikagonga meza, nikamwambia asaini fomu ya kunirudisha kazini sasa hivi, la sivyo barua naiandika leo. Akaivuta fomu, akashika kalamu. Niliona ameogopa, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Alifika nusu ya sahihi, akanitazama. Bado alikuwa anangoja jibu lake.

“Tunapiga honi,” nikasema, hasira bado imenikaba. “Tunapiga tangu tunapomwona mpaka treni isimame, hata akishakuwa chini. Hatuachi, ili tusisikie. Na dereva aliyemgonga kaka yako, simjui, lakini alipiga, na mpaka leo halali usingizi, kwa hiyo usimchukie mbele yangu.”

Akalaza uso mezani, akalia vibaya, kilio cha mtu asiyezoea kulia mbele ya watu. Sikumbembeleza. Niliichukua ile fomu, nikaichana.

“Silali,” nikamwambia. “Tangu mwezi wa tatu silali. Ukinirudishia treni nitaua mwingine.”

Nikakaa tena kwenye kile kiti nilichokichukia wiki kumi.

“Kaka yako aliitwa nani?”

“Rubén.”

“Haya. Sasa fungua faili, unitajie na jina la wangu.”