Mti wa Marehemu Kijakazi

Ghalib, dereva, alirudi kutoka Riyadh alikokwenda kumzika mama yake, Kijakazi, akaja na mti mdogo ndani ya chungu. Aliuweka kivulini nyuma ya gereji ya mwajiri wake, katika mtaa wa Al-Nuzha, akawa anaumwagilia kila asubuhi.

Peris, Mkenya aliyefanya kazi za ndani katika nyumba hiyo, aliuona akianika nguo. Majani yalikuwa na vidole vyembamba vyenye kingo kama meno ya msumeno. Jani kama hilo alionyeshwa na polisi waliotembelea shule yao Kitale. Bangi. Na hapa bangi ikikutwa nyumbani, nani ataulizwa ni ya nani? Ghalib alikuwa palepale, akifuta kioo cha gari. Peris akampita, akaenda kwa madam, mke wa mwajiri, akamwambia ana hakika ni bangi.

Baba, mwenye nyumba, alimwita Ghalib.

"Ni mti wa marehemu mama, bosi. Jina lake silijui, wallahi."

Kutolijua jina kulimponza. "Halas, kazi imekwisha," baba akasema. "Lete funguo za gari. Shukuru sijaita polisi."

Ghalib akatoka getini mikono mitupu. Baba akaung'oa mti, akautia kwenye mfuko wa taka.

Peris aliachiwa kufagia. Kwenye udongo uliomwagika akaona mbegu zilizoshikana mbilimbili, kila moja na bawa kama la kumbikumbi. Aliiachia moja, ikateremka ikizunguka. Akasimama. Zile za bangi walizoonyeshwa shuleni zilikuwa punje za mviringo, hazina bawa lolote. Akafungua mfuko, akatoa jani. Vidole vyake viliungana chini, kama kiganja. Vya bangi hutengana hadi kwenye kikonyo. Akalipiga picha kwa simu, na simu ikamjibu: mti wa mepo, wa aina ndogo ya Kijapani, hupandwa kwa uzuri wa majani tu.

Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Alikaa jikoni akilifikiria hilo kwa muda ambao baadaye ulimuumiza kuliko kosa lenyewe. Kisha akamfuata madam, mbegu mkononi.

"Lakini ulisema una hakika," madam alisema.

"Nilisema, madam."

Ghalib akaitwa arudi. Alikuta Peris ameshaurudisha mti chunguni, majani yamelegea.

"Kaka Ghalib, ni mimi niliyekusema."

"Najua. Baba kanambia."

"Pole sana. Niliogopa."

Ghalib alikuwa akishindilia udongo kwa vidole. "Ungeniuliza tu, dada. Nilikuwa hapo hapo."

Peris akainama kukusanya udongo uliobaki. Uso ulimwaka hadi masikioni.

Mti haukupona. Ghalib aliendelea kumsalimia, kwa adabu ileile, lakini hakuja tena jikoni kunywa chai. Peris alimpelekea kikombe gereji. Jioni alikikuta juu ya ngazi, kimejaa, chai imeshika utando.