Poka kwa Vifungo

Tangu dada yake aingizwe chumba cha upasuaji saa tatu asubuhi, mshonaji alikuwa roho juu. Alikaa, akasimama, akasoma matangazo yote ukutani, akaenda mara nne kuchungulia mlango uliofungwa. Kilichomkera zaidi ni shemeji yake, mume wa huyo dada, dereva wa lori. Alikaa kimya kama gogo, uso mkavu, utadhani anasubiri zamu ya kujaza mafuta. Mshonaji aliwahi kumwambia dada yake kwamba mtu huyu hana moyo, ana injini.

Ilipofika saa sita dereva akatoa karata mfukoni, akasema bora amfundishe poka kuliko aendelee kuitoboa sakafu kwa visigino. Mshonaji alitaka kukataa, ila miguu ilishachoka. Akamwaga vifungo vya mkobani juu ya benchi, wakagawana ishirini ishirini viwe dau.

Dereva alieleza polepole, kama alivyoelezwa yeye kwenye foleni za malori. Kila mtu anapata karata tano, na zisizomfaa anabadilisha mara moja tu. Jozi mbili huishinda jozi moja, tatu zinazofanana huzishinda hizo, na tano zinazofuatana huzishinda zote tatu. Tano za kundi moja, kopa tupu au shupaza tupu, ziko juu zaidi. Mwenzako akiongeza dau, nawe uongeze au uzitupe umwachie vifungo; ukiona zako mbovu, zitupe, usione haya.

Mshonaji akatupa mara tano, jicho mlangoni. Kila kiatu kilicholia koridoni kilimwinua.

Mara ya sita akapata malkia wawili. Akaweka vifungo vitatu. Dereva, bila kupepesa, akasukuma kumi. Mshonaji akautazama uso ule mkavu, akaogopa, akatupa. Dereva akafunua zake: hakuwa na jozi hata moja.

"Umenitishia nyau," mshonaji alisema.

"Ndiyo poka hiyo, shemeji. Nusu karata, nusu uso."

Hapo ndipo mshonaji alipoziona karata mkononi mwa dereva. Zilikuwa zimelowa jasho, na zilitetemeka.

"Umeanza lini kutetemeka?"

"Tangu jana, dada yako alipotia sahihi fomu ya kukubali upasuaji." Dereva aliinamisha kichwa. "Nilijikaza ili asiogope. Sasa uso wenyewe umegoma kulegea."

 Mshonaji akazikusanya karata, akazichanga vibaya, zikatawanyika chini. Wote wawili wakapiga magoti kuziokota, na muuguzi akawakuta wameingia nusu chini ya benchi. Alisema upasuaji umekwenda vizuri, mgonjwa amezinduka, ila wangoje saa moja ndipo wamwone.

 Dereva akakaa palepale sakafuni, akalia bila kujificha. Mshonaji akakaa kando yake, bega kwa bega.

Saa ile moja haikutaka kwisha, basi wakagawa tena. Mshonaji alizoa karibu vifungo vyote, maana dereva kila akipata karata nzuri alikuwa akitabasamu.