Tiketi ya Familia

Usiku wa jana niliota mimi na mama tumefika kwenye tamasha la utamaduni la visiwa vya Karibiani. Tulikuwa Trinidad, ila choo kilikuwa kilekile chetu cha Tanga, na mlango wake haufungiki vilevile.

Getini lilikaa tunda la shelisheli la kuchoma, ganda jeusi, moshi unalitoka. Ndilo lililokata tiketi.

"Tiketi ya familia," likasema. "Mko wangapi?"

"Wawili," nikajibu.

"Watatu," akasema mama.

Baba tulimzika mwezi wa Shaabani. Nilimkanyaga mama mguu anyamaze, lakini shelisheli lilikuwa limeshakata tiketi.

"Sheria ni moja," likasema. "Familia yote iwe upande mmoja. Burudani njema."

Tukaingia. Bibi mmoja anasuka kofia ya ukili juu ya kichwa cha mteja. Kofia imefika mabegani, bado anasuka. Mteja anasema kwa ndani kwamba imempendeza. Pembeni vijana wanapiga ngoma za mapipa ya mafuta. Kila pipa likipigwa linasema, "Pole," na mpigaji anajibu, "Nimeshapoa."

Ghafla tuko sebuleni kwetu. Mlango wa chumbani umewekewa fimbo inayowaka, imelala juu ya vigingi viwili. Watu wanapita chini yake wakijipinda kinyumenyume, miguu mbele, kichwa mwisho. Harudi mtu.

"Huu mchezo gani?" nikaiuliza fimbo.

"Huchezwa matangani. Kila anayepita, mimi nashuka kidogo."

Kutoka ng'ambo nikasikia sauti ya baba. "Mama Mbwana, samaki anapoa."

Mama akavua kandambili.

Mimi sijawahi kumwinamia mtu, sembuse kijiti. Nilijifunza vina peke yangu, bila mwalimu, na papo hapo nikaitupia fimbo beti nne za kuivunja, mizani imetimia.

"Nzuri," ikasema fimbo. "Sasa sogea, unamzibia mama njia."

"Mama, usiende."

"Tiketi ni ya familia, Mbwana. Twende wote basi."

"Mimi siendi."

"Basi usinicheleweshe. Baba yako hapendi kula peke yake, unamjua."

Akajipinda. Yakapita magoti, kikapita kiuno, kikapita kifua. Kilipobaki kichwa nikamdaka mkono wa kulia. Ng'ambo baba anamvuta miguu, taratibu, kama mtu asiye na haraka.

"Familia haichanwi," ikasema fimbo.

Nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshapanda. Mama yuko uani, anamimina chai kwa mkono wa kushoto, yeye aliyenichapa utotoni kwa kosa hilohilo. Mkono wa kulia ameulaza mapajani. Juu ya kifundo kuna alama tano nyekundu.

Nikaweka vidole vyangu juu ya alama hizo. Vikaenea sawasawa.

"Unauma?"

"Hauumi." Hakunitazama. "Alikuwa ameshanipakulia."