Kiti Kilichong'olewa

Bei iliandikwa kwa rangi nyeupe kwenye kioo cha mbele: milioni thelathini na tisa, viti saba, gari jipya. Binti yangu ni nesi. Miaka kumi na mmoja ya zamu ilikuwa imempa hizo milioni, na za usajili juu yake. Safu tatu hakuzitaka kwa maringo. Watoto wake wawili, watatu wa marehemu dada yake, mimi, na yeye kwenye usukani. Toa mmoja uone nani abaki nyumbani. Siku hiyo tulikuja dukani wote saba.

Muuzaji, bwana mwenye tai fupi, alivuta karatasi na bei ikaanza kupanda ngazi. Maandalizi ya gari, milioni mbili. Safu ya tatu, milioni sita.

"Safu ya tatu?" binti yangu akashtuka. "Si mmeandika viti saba pale kiooni?"

"Hiyo ni nafasi ya viti saba, dada. Viti vyenyewe ni hiari ya mteja. Lakini wala usihofu. Hizo nane zilizozidi benki itakukopesha kwa miaka sita. Lete hati ya nyumba tu."

Nyumba ile baba yao aliwaachia yeye na marehemu dada yake. Binti yangu akashika kalamu.

"Mwanangu, hati?"

"Mama, usianze. Uliniahidi pale getini. Maji nimeshayavulia nguo."

"Yaoge basi. Ila nguo ulizovua ni za watoto."

Nilikuwa nimenyamaza robo saa nzima, na walionizaa wangejua, wangechinja mbuzi kwa furaha. Nikainuka, nikaenda nyuma ya gari, nikafungua buti.

Kwa miaka kumi na minane nilishona viti vya kampuni hii hii, kwenye kiwanda chao cha kuunganisha magari. Siku tulipoziba geti tukidai glavu, meneja wa wakati ule alisimama juu ya kreti akatuambia kiti kimoja cha nyuma kinazidi mshahara wetu wa miezi minne. Kisha akatufukuza, arobaini na wawili. Wao wamesahau. Mimi bado nayakumbuka mpaka majina ya walinzi.

Nikafunua zulia. Matundu manne ya bolti, rangi imechubuka, chuma bado kinameta.

"Bwana Tai! Kiti cha humu kimekwenda wapi?"

"Mama, hilo gari limekuja hivyo."

"Limekuja hivyo kwa nani? Gari la safu tatu halikutoka getini kwetu na viti pungufu hata siku moja. Na kila kiti tulikishonea kitambaa cha namba chini ya mto, namba ya chesisi ya gari lake, kisipotee njiani. Nileteeni kiti mnachotaka kutuuzia, nikisome."

Fundi wa gereji yao alikuwa amesimama mlangoni akifuta mikono. Bwana Tai akamkazia macho. Fundi akacheka kidogo.

"Mimi nalipwa kubeba viti," akasema. "Kuvificha sijalipwa."

Akakitoa stoo, bado kimevikwa nailoni. Nikapenyeza mkono chini ya mto. Mjukuu wangu mkubwa akasoma kitambaa, mdogo wake akasoma namba iliyogongwa kwenye chuma cha gari. Tarakimu kwa tarakimu, zikafanana mpaka ya mwisho.

"Kwa hiyo maandalizi ya milioni mbili," nikasema, "ni mshahara wa kukingʼoa. Na sita ni za kukirudisha!"

Mzee mmoja kwenye meza ya pili, ambaye tayari alikuwa ametia saini, akaivuta karatasi yake karibu na miwani. "Na langu je?"

Meneja akashuka mbio kutoka ofisini juu. Akainama sikioni kwa binti yangu, lakini mimi sikio langu limelelewa kwenye kelele za cherehani, linasikia. "Dada, chukua kwa bei ya kioo, na kiti tunafunga sasa hivi. Ila umtulize mama. Mambo ya yule mzee hayakuhusu."

Nilimtazama mwanangu. Angesema ndiyo, nisingemlaumu. Nyumba ilikuwa imepona.

Akaweka kalamu mezani. "Mama yangu hauzwi kwa bei hiyo. Mfungieni na mzee kiti chake, mumfutie na zile milioni nane. La sivyo sisi saba tunakaa humu humu, na kila mteja atakayeingia atafunuliwa zulia."

Watoto walikuwa wameshapanda. Meneja akawahesabu kwa macho, akautazama mlango, kulikuwa na wateja wanaingia. Akachukua kalamu mwenyewe, akafuta mistari kwenye karatasi mbili.

Fundi alipokaza bolti ya nne, nilipanda nyuma kabisa, magoti yakanigusa kidevu. Mshono wa pembeni ulikuwa umekwenda upogo. Vijana wa siku hizi. Miaka kumi na minane nimeishona safu ya tatu. Siku ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuikalia.