Kofia ya Nailoni

Jacinth alikuwa ameinama juu ya beseni uani, macho kayafumba, na Shangazi Ionie anammwagia kichwani maji ya mvua kikombe kwa kikombe, simu ilipolia mfukoni mwa sketi yake.

"Usiishike," shangazi akasema.

Simu ikalia, ikanyamaza, ikalia tena.

"Nimesema usiishike! Leo ni siku yako ya mapumziko, jua limetoka vizuri, na hizi nywele leo zinakauka mpaka ndani. Waache wadhani umekufa."

"Nikifa leo, Shangazi, kesho wamekwishaajiri mwingine." Akajifuta mkono kwenye sketi, akapokea.

Alikuwa Bi Dawkins, msimamizi wa chumba cha kufulia kule hotelini. Kundi zima la wageni wa harusi limeingia jana, wasichana wawili hawajatokea kazini, mashuka yamejaa mpaka mlangoni. Jacinth aje, tena aje sasa hivi.

"Ndiyo kwanza naosha nywele, Bi Dawkins. Ni mbichi kabisa."

"Si una kofia? Vaa kofia."

Simu ikakatwa. Shangazi Ionie alikuwa bado ameshika kikombe, na povu la mshubiri linamtiririka mpaka kwenye viwiko.

Dredi za Jacinth zilimfika kiunoni, na zikilowa zilikuwa na uzito wa mtoto mgongoni. Hakuna aliyezisokota, wala hazikupata kuonja nta ya saluni. Ziliachwa zijishike zenyewe tangu akiwa mdogo, na babake, Ras Alvin, Mrasta wa kweli, ndiye aliyezilea. Kila siku ya kuosha alimkalisha katikati ya magoti yake akazitenganisha kwa vidole kwenye mizizi, moja moja, ili zisigande zikawa gunia. Alimwambia kwamba nywele hizo ni nadhiri na wembe hauna ruhusa nazo. Alipofariki, Shangazi Ionie, dada yake, akairithi kazi ile. Lakini dredi kama hizo hazikauki kwa taulo. Zinataka jua, upepo, na mtu akae bure mchana kutwa. Na mchana kutwa wa kukaa bure, mfua mashuka wa hoteli atautoa wapi? Tangu wageni wa Krismasi waanze kumiminika pwani, kila siku yake ya mapumziko ilikuwa inaliwa vivi hivi, naye kila mara amezifunga mbichi akakimbia.

Shangazi alizikamua kwa hasira. "Unazizika hai, Jacinth."

"Nifanyeje? Perline, mwenzetu wa kufulia, aliitwa mara moja tu akakataa. Hadi leo anauza karanga stendi."

Shangazi akasonya. Akamsaidia kuzikunja, wakazisokomeza kwenye kofia.

Kofia yenyewe ilikuwa ya nailoni, nyeupe, na mpira mkali ukingoni uliomwachia alama kwenye paji la uso. Siku anaajiriwa, Bi Dawkins alimkabidhi kwa fahari. "Hoteli yetu haibagui mtu," alimwambia. "Fuga nywele utakavyo, mradi mgeni asizione." Sasa mgeni gani huyo? Chumba cha kufulia kiko nyuma kabisa, ng'ambo ya jenereta, na tangu hoteli ijengwe hakuna mgeni aliyekanyaga huko hata kwa kupotea njia. Lakini sheria ni sheria, na aliyeitunga hakai kwenye mvuke.

Joto la mle ndani lilikuwa la kuivisha mtu. Jacinth alitia mashuka kwenye mashine ya kupigia pasi, anayapokea, anayakunja. Jua lilipopanda, Kerri-Ann, mcheshi wao, akaziba pua.

"Jamani, nani kaacha panya afe humu?"

Wenzake wakacheka. Bi Dawkins alipoingia hakucheka. Alinusa rundo la mashuka, akanusa la pili, uso ukamkunjamana. "Bwana harusi alalie uvundo huu? Rudisheni yote majini!"

Wakayarudisha, wakayafua upya, na harufu ikabaki pale pale. Jacinth alikuwa amekwisha kujua. Alijisogeza mpaka dirishani, akakunja taulo peke yake, anaomba upepo. Kerri-Ann akaja kumsaidia kukunja shuka kubwa. Wakashika ncha, wakasogeleana ili ncha zikutane, na hapo Kerri-Ann akainusa kofia.

"Jacinth," akasema kwa sauti ya chini. "Ni wewe, dada."

Hakusema kwa utani, na hilo ndilo lililomuuma Jacinth kuliko kicheko chote cha asubuhi.

Bi Dawkins alimwita kando, kwenye stoo ya sabuni. "Mimi na dini yako hatuna ugomvi," alianza.

"Ni kofia, Bi Dawkins. Nazifunika mbichi kila mnaponiita, hazipati kukauka. Nipe siku chache tu nizianike. Au niruhusu nifanye kazi kichwa wazi. Huku nyuma nani ananiona?"

"Nikikuruhusu wewe, kesho mwingine atanijia na gauni la kulalia. Na siku chache katika msimu huu sina, hata mwenyewe sijapewa." Akatazama mlango. "Kesho uje hunuki, au usije. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alipofika nyumbani jua lilikuwa linaelemea kilimani. Shangazi Ionie aliweka chini sufuria ya mboga, akamvua kofia, akashika dredi moja ya kisogoni akaibinya. Ikakatika. Ndani ilikuwa na ukungu wa kijivu, kama mkate uliosahaulika kabatini.

"Ziko ngapi hivi?" Jacinth akauliza, kichwa kainamisha.

"Za nyuma zote. Za mbele zimeanza." Shangazi alikuwa anazipapasa haraka haraka. "Lakini zinapona, mwanangu. Nishawahi kuziponya za babako. Siki, maji ya mvua, halafu jua wiki nzima, kichwa wazi."

"Sina wiki, Shangazi. Nina mpaka asubuhi."

Kwenye rafu kulikuwa na dawa za presha za shangazi, nazo zilikuwa zinakaribia kwisha. Jacinth akazihesabu kwa macho.

"Lete mkasi," Jacinth akasema.

"Mkasi? Katika nyumba hii?"

Kweli haukuwemo. Haukupata kuwemo. Ikabidi Jacinth achukue kile kisu cha kumenyea viazi vikuu, akampa shangazi yake, akakaa chini katikati ya magoti yake, palepale alipokuwa akikaa mbele ya babake. Shangazi akakata dredi ya kwanza.

"Babako askari waliowinda Marasta walimkalia mgongoni wanne ndipo wakaweza kumnyoa," akasema, machozi yanamdondoka juu ya kichwa cha Jacinth. "Na bado aliwang'ata. Wewe hawakukugusa hata kidole."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nyamaza. Si wewe wa kuniomba msamaha."

Jacinth akalia kwa sauti, kama siku ya mazishi. Zilipokwisha zote, walizitia kwenye mfuko wa unga, wakazifukia nyuma ya nyumba, ubavuni mwa kaburi la Ras Alvin.

Asubuhi Bi Dawkins aliingia kwenye mvuke, akaiona kofia imelala bapa, akapiga makofi.

"Umezikata! Mungu wangu, kumbe una uso mzuri hivi, ulikuwa unaubania tu! Sikiliza, mapokezi wanatafuta msichana wa kukaribisha wageni mlangoni. Mshahara wa kule si huu, tena kuna bakshishi. Vua kofia twende kwa meneja akuone."

Wasichana waliacha kukunja. Jacinth alivuta shuka kutoka kwenye mashine, likiwa bado la moto.

"Siivui, Bi Dawkins."

"Huivui! Kwa nini? Si hakuna tena cha kuficha?"

"Mliniambia mgeni asizione nywele zangu," Jacinth akasema. "Basi na hizi zilizobaki hataziona."

Akanyoosha mkono wenye shuka. Kerri-Ann akashika ncha ya pili, wakaanza kukunja.